UCHAMBUZI: Mtoto anapohara, jiji lamnyima maziwa ya mama

KILA alfajiri, wanawake wengi hutoka katika mitaa ya Kawangware na Kangemi, magharibi mwa Nairobi, wakielekea Lavington, Kileleshwa na Westlands kutafuta vibarua vya kufua nguo, kupiga deki na kulea watoto wa wenyewe. Wengine huabiri matatu hadi katikati ya jiji, ambako wameajiriwa madukani au huchuuza bidhaa kandokando ya barabara. Miongoni mwao wamo kina mama ambao watoto wao bado wananyonya, na ambao hulazimika kuwaacha kwa jirani, kwa dada mkubwa au katika vituo vya kulelea watoto mtaani.

Mtoto akiwa buheri wa afya, mpango huo huweza kudumu kwa miezi. Akianza kuhara na kutapika, mambo hubadilika kwa muda wa saa chache tu. Mwili wa mtoto mchanga hauna akiba kubwa ya maji. Maji na chumvi vikimtoka kwa kasi kuliko vinavyorudishwa, damu hushindwa kuzunguka ipasavyo na viungo muhimu huanza kulegea. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba ugonjwa wa kuhara huua zaidi ya watoto 440,000 wa chini ya umri wa miaka mitano kila mwaka ulimwenguni, na upungufu wa maji mwilini ndio unaowamaliza wengi wao.

Ushauri wa kitabibu kuhusu hali hiyo ni mfupi. Mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, usiku na mchana. Aongezewe maji ya ORS. Apewe vidonge vya zinki. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo ghali wala linalohitaji mtambo. Hata hivyo, sharti la kwanza la ushauri huo ni kwamba mama awe karibu na mtoto, na sharti hilo ndilo ambalo maisha ya Nairobi yameligeuza kuwa anasa.

Kabla ya kuzungumzia jiji, yafaa kuziondoa dhana potovu ambazo bado zimeota mizizi. Wapo wanaoamini kwamba mtoto akihara, maziwa ya mama yameharibika na inafaa aachishwe kwa siku mbili tatu ili tumbo lipumzike. Wengine husema ni meno yanayoota, wakangoja yapite. Ukweli ni kwamba takriban asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, na sehemu iliyosalia ina sukari, chumvi, mafuta na kinga dhidi ya viini. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya ipasavyo hahitaji maji mengine hata siku ya jua kali. Kumwachisha wakati anapohara ni kuifunga chemchemi anayoitegemea.

Si haki, hata hivyo, kuwalaumu nyanya na wakunga pekee kwa dhana hizo. Kwa miaka mingi, madaktari wenyewe waliwanyima chakula wagonjwa wa kuhara wakidai kulipumzisha tumbo, na tiba ya kutegemewa ilikuwa dripu. Mabadiliko yalitoka Asia. Mnamo 1968, watafiti mjini Dhaka walionyesha kuwa wagonjwa wa kipindupindu waliweza kutibiwa kwa kunywa maji yenye sukari na chumvi kwa vipimo maalum, kwani sukari huisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji huifuata. Mnamo 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Aliwapa wagonjwa mchanganyiko huo, akiwategemea jamaa zao kuwanywesha, na vifo vikapungua sana. Funzo la Bangaon lilikuwa kwamba mtu asiye na shahada yoyote, akielekezwa vyema, anaweza kuokoa maisha akitumia kikombe.

Mnamo 2004, WHO na UNICEF walipendekeza ORS yenye kiwango kidogo zaidi cha chumvi na sukari, pamoja na zinki kwa muda wa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi sita, na miligramu 20 kwa aliyepita umri huo. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 za ORS kila anapohara, kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, mlezi husubiri dakika kumi kisha huendelea polepole zaidi. ORS huongezwa juu ya maziwa ya mama, wala haichukui nafasi yake.

Makosa hutokea katika kuchanganya. Kuna pakiti za nusu lita na za lita moja, na ni lazima maandishi yake yasomwe. Maji yakiwa machache mno, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Yakiwa mengi mno, dawa hupoteza nguvu. Mchanganyiko ukishapita saa 24 humwagwa. Soda na sharubati za dukani hazifai kabisa, kwa kuwa sukari yake nyingi huvuta maji kuyaingiza utumboni na kuzidisha kuhara.

Hapo ndipo tatizo la maji linapojitokeza. Katika sehemu nyingi za Kawangware na Kangemi, mifereji hukauka kwa siku kadhaa, na wakazi hununua maji kwa mitungi kutoka kwa wachuuzi wa mikokoteni bila kujua yalikotekwa. Kuyachemsha kunahitaji gesi, makaa au mafuta taa, na kila shilingi ina kazi yake. Familia ambayo mtoto wake yumo katika hatari kubwa ya kuhara ndiyo pia inayolipa zaidi ili kupata maji salama ya kuchanganyia dawa. Maziwa ya mama pekee ndiyo hayahitaji mtungi wala jiko.

Je, sheria inasemaje? Kwenye karatasi, Kenya haijalala. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Sheria ya 2012 inadhibiti uuzaji na utangazaji wa maziwa ya kopo. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri kutenga vyumba vya kunyonyeshea na kumpa mama muda wa kufanya hivyo kazini. Tangu Julai 2014, watoto wamekuwa wakipewa chanjo dhidi ya virusi vya rota, ambavyo husababisha kuhara kukali.

Lakini sheria hizo zina pengo. Likizo ya ugonjwa katika Sheria ya Ajira ni ya mfanyakazi anayeugua yeye mwenyewe. Haimtengei siku mzazi ambaye mtoto wake ni mgonjwa. Na hata hiyo haimfikii mwanamke anayeketi kando ya barabara akisubiri kuitwa kufua nguo. Kwake, kukaa nyumbani siku mbili akimnyonyesha mtoto anayehara ni kukosa chakula siku mbili, na huenda mteja wake akawa amempata mwingine.

Matukio mawili katikati ya jiji yalidhihirisha jinsi nafasi ya mama anayenyonyesha ilivyo finyu. Mei 2018, wanawake waliandamana baada ya mama mmoja kudai kwamba alifukuzwa mkahawani kwa sababu ya kumnyonyesha mwanawe. Agosti 2019, Mbunge Mwakilishi wa Kike wa Kwale, Zuleikha Hassan, aliamrishwa kutoka katika ukumbi wa Bunge la Taifa baada ya kuingia na mtoto wake wa miezi mitano. Ikiwa mtunga sheria alikosa pa kumweka mtoto, mchuuzi wa barabarani ategemee nini?

Takwimu nazo zina ujumbe. Mwaka 2003, ni asilimia 13 pekee ya watoto wa chini ya miezi sita nchini walionyonyeshwa bila kupewa kitu kingine. Kiwango hicho kilipanda hadi asilimia 32 katika utafiti wa 2008-09 na 61 mwaka 2014. Mwaka 2022 kilikuwa asilimia 60. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mafunzo yamefanya sehemu kubwa ya kazi yake, na kwamba kizingiti kilichosalia ni muda na mkate wa kila siku.

Hatua za kuziba pengo hilo zinajulikana. Elimu ya afya humlenga mama kliniki, ilhali anayemshika mtoto katika saa za kwanza za kuhara mara nyingi ni jirani au msichana wa kituo cha kulelea watoto. Huyo ndiye anayepaswa kuwa na pakiti za ORS, kikombe safi na nambari ya simu ya mama. Wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa Uhuru Park mnamo Septemba 2023, wanaweza kuvifikia vituo hivyo nyumba kwa nyumba. Mama naye anaweza kukamua maziwa kwa mkono kabla ya kutoka. Yakifunikwa katika chombo safi, hukaa salama kwa muda wa saa nne bila jokofu.

Waajiri wa Lavington na Westlands pia wana deni. Kumruhusu mfuaji nguo aje na mwanawe, au kumhakikishia kwamba nafasi yake ingalipo akirudi baada ya siku mbili, hakuhitaji mswada wowote.

Hata mama akiwepo, kuna dalili zisizongoja kesho: macho au utosi uliobonyea, kulia bila machozi, kutokojoa kwa muda wa saa sita, ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ikifinywa, damu katika choo, kutapika kila kitu, degedege, ulegevu, au kushindwa kunyonya. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu, kama vile Riruta au Kangemi, au Hospitali ya Mbagathi, huku akiendelea kunyonyeshwa njiani iwapo anaweza.