Majibu Yakichelewa Maabara

Mama msomaji, mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalowanyima usingizi akina mama wengi. Umepimwa saratani ya mlango wa kizazi, umeambiwa usubiri, na majibu hayaji. Je, kuna hatari?

Tuangalie yaliyotokea Ireland, nchi yenye mpango wa taifa wa kuwapima wanawake bure. Mwezi wa Aprili 2018 nchi nzima ilisikia habari za Vicky Phelan, mama wa watoto wawili. Kipimo chake cha mwaka 2011 kilisomwa kuwa ni salama. Mwaka 2014 akakutwa na saratani, na hakuambiwa mpaka 2017 kwamba kipimo kile kilisomwa vibaya. Akina mama waliingiwa na hofu, nasi hatuwalaumu. Serikali ikatangaza kwamba mwenye wasiwasi arudie kipimo bure, hata kama muda wake haujafika.

Neno lilikuwa la huruma, lakini wataalamu wa kusoma sampuli kwa hadubini ni wachache, na hawapatikani kwa siku moja. Zaidi ya wanawake 50,000 walirudia. Ninyi mnaijua mashine ya kusaga: kijiji kizima kikileta mahindi siku moja, hata asiye na unga kabisa nyumbani hungoja nyuma ya mwenye akiba. Mwanzoni mwa 2019 sampuli karibu 80,000 zilikuwa zimerundikana, na wengine walingoja majibu hadi wiki 33.

Mrundikano huo uliondolewaje? Ruhusa ya kurudia ilikoma mwisho wa 2018, nafasi zaidi zikatafutwa katika maabara, na kabla ya 2019 kwisha foleni ilikuwa imekwisha. Kisha, tangu tarehe 30 Machi 2020, sampuli hupimwa kwanza virusi vya HPV kwa mashine. Isiyo na virusi haihitaji tena kusomwa kwa hadubini, na nyingi hazina.

Sasa turudi kwa swali letu. Saratani hii hukua polepole. Virusi vikikaa mwilini, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20 kabla ya saratani kutokea. Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo asiye na dalili asikate tamaa kwa sababu ya wiki kadhaa za kungoja.

Lakini mwenye dalili asingoje hata siku moja. Ukitokwa na damu baada ya kukutana na mume, au kati ya hedhi na hedhi, au baada ya hedhi kukoma, nenda hospitali ukaonwe na daktari. Vivyo hivyo ukitokwa na uchafu wenye harufu mbaya. Usiseme, "Nilipimwa, nangoja majibu." Kipimo kile ni cha mama asiye na dalili, wewe wahitaji uchunguzi.

Siku ya kupimwa, uliza mambo matatu: majibu yatarudi lini, nani atakupa, na yasiporudi umwone nani. Andika tarehe kwenye kadi yako. Mkipimwa kwa siki, majibu hupatikana siku ile ile. Usiondoke bila kuyasikia. Na ukishaambiwa u salama, rudi kwa muda uliopangiwa, usirudi mapema kwa hofu tu. Nafasi hiyo yaweza kuwa ya mama ambaye hajapimwa kamwe.

Vicky Phelan alifariki Novemba 2022. Kesi yake ilipomalizika alikataa sharti la kutunza siri, ili wanawake wenzake wajue. Basi nasi tusione haya kuuliza. Ukimya wa maabara si jibu jema wala baya. Ni jibu ambalo bado hujapewa, na ni haki yako kulifuata.

Hadi mwezi ujao, tunzeni afya zenu.