Saa 48 za mdogo wangu: barua ya wazi kwa wabunge

Waheshimiwa Wabunge, Kinshasa,

Ninayosimulia yalitokea tulipokuwa kambi ya Kanyaruchinya, tulikokimbilia waasi wa M23 walipoingia kwetu Kibumba mwaka 2022.

Katiba, kifungu cha 18, inasema mtu asishikiliwe zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kukabidhiwa mamlaka ya mahakama. Mdogo wangu alikaa kasho siku 23. Alikuwa akisukuma chukudu yenye magunia mawili ya mashu kwenda Goma. Kwenye bariere askari akaomba kadi yake ya mpiga kura, akaweka kidole chini ya neno Kibumba, akamwita mpelelezi wa adui. Hakuulizwa lingine.

Kibumba! Neno hilo liko kwenye kadi za maelfu ya watu tulioacha nyumba na mashamba kwa kumkimbia adui huyohuyo. Shefu wa kijiji chetu alikuwa akilala humohumo kambini. Angeitwa, angemtambua kabla jua halijazama. Saa 48 zingebaki nyingi. Hakuna aliyemwita.

Mama alipeleka chakula kila siku, na kila siku alilipa ndipo kipokelewe. Mashu yalioza.

Msidhani nawatetea wapelelezi. Nyumba yetu iko mikononi mwa adui, nataka wakamatwe. Lakini anayekamata watu kwa jina la kijiji hajatafuta mpelelezi hata mmoja, na yule wa kweli anapita na kadi ya mahali pengine.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 tunaishi chini ya état de siège, yaani utawala wa kijeshi, nanyi mnairefusha siku 15 baada ya siku 15. Mlituambia italeta usalama. Kibumba ilianguka chini yake. Goma, tarehe 30 Agosti 2023, wanajeshi waliua raia zaidi ya 50 chini yake. Kifungu cha 61 kinasema hata katika hali hiyo haki ya kujitetea haiguswi. Mdogo wangu angejitetea mbele ya nani?

Kabla ya kuinua mikono tena kuirefusha, daini orodha ya kila aliyeshikiliwa kupita saa 48, kasho kwa kasho, na muisome hadharani.

Mdogo wangu aliachiwa bila karatasi yoyote. Baada ya hapo alipokwenda Goma aliiacha kadi hemani, na askari wakamshika tena kwa kukosa kadi.