Glovu Nene Haitibu Mkono Unaouma

Leo naweka kando hina na magauni. Nazungumza na nyinyi mlio mama, na nyinyi mabibi harusi ambao in shaa Allah karibuni mtakuwa mama, pengine mbali na kwenu.

Mdogo wangu aliolewa hapa Unguja, akamfuata mumewe Marekani, huko Ohio. Mwanawe ana miaka 15 na hana akipendacho kama besiboli. Msimu huu akaanza kuumwa kiganja cha mkono wa kushoto. Mama yake akanipigia simu: "Dada, anasema akifungwa bendeji na akivaa glovu yenye sponji ataweza kupiga. Jumamosi wana mechi. Nimnunulie?" Nami, mama mkubwa ambaye hata mpira wenyewe sijaushika, nikajibu haraka: "Mnunulie, na mpake mafuta ya karafuu."

Nilikosea.

Mpigaji hushika gongo kwa mikono miwili. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, wa kushoto ndio hukaa chini, kwenye kile kifundo cha mwisho wa mpini. Akilizungusha gongo kwa nguvu, kifundo hicho hukandamiza kitako cha kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Hapo pana mfupa mdogo wenye ncha kama ndoana, madaktari huuita hameti. Ncha hiyo inaweza kuvunjika na mkono kwa nje ukaonekana mzima, haukuvimba sana wala haukupinda. Mtoto huumwa anapokamata kitu, na mara nyengine vidole viwili vya mwisho hufanya ganzi. Eksirei ya kawaida mara nyingi haiuoni ufa huo. Hutakiwa picha ya pembe maalumu au skani ya CT.

Sasa sponji itafanya nini hapo? Glovu hupunguza mtetemo na malengelenge kwenye mkono mzima. Kwa mkono mbovu, inamsaidia mtoto kuficha, basi.

Na hata watu wazima wenye madaktari wao hawaiwezi haraka. Mike Trout wa Los Angeles Angels alivunjika mfupa huo huo Julai 2023. Alifanyiwa upasuaji, akarudi Agosti, akacheza mechi moja tu. Maumivu yakamrudisha nje na msimu ukamwishia hapo. Huyo analipwa mamilioni. Wetu anacheza timu ya skuli.

Nadhani tatizo letu ni neno "vumilia". Bibi harusi huambiwa avumilie kabla hata hajafika kwa mumewe, na mtoto wa kiume huambiwa mwanamume halii. Mimi sikatai subira. Lakini mkono ni amana, na mtoto anayeogopa kupoteza nafasi yake kwenye timu hatakwambia kweli mpaka umuonyeshe kwamba hutomkasirikia. Mdogo wangu aliona haya kumzuia kwa sababu haujui mchezo wenyewe. Shoga, huna haja ya kujua sheria za besiboli. Mpe chupa ya maji afungue kifuniko kwa mkono ule, umtazame usoni. Akikunja uso, gongo lisubiri na daktari atafutwe.

Jumamosi ile alicheza. Pigo la tatu gongo likamponyoka na akakaa chini pale pale. Skani ikaonyesha ncha imekatika, ikabidi kipande kitolewe.

Wiki zilipopita na daktari akaruhusu, alianza kuzungusha gongo bila mpira. Kisha mpira uliowekwa juu ya kigingi, halafu ule unaorushwa polepole. Mechi bado. Amepewa gongo jepesi zaidi na amefundishwa kushika ili kifundo kisikae ndani ya kiganja. Glovu yenye sponji anaivaa sasa, na sasa ndiyo ina kazi.

Jana kanitumia video, kapiga mipira 20 na kuliweka gongo chini. Nikamuuliza kama kiganja kinauma. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Leo kidogo, mama mkubwa." Lile "kidogo" lilinifurahisha kuliko mipira yote 20. Nikamwambia kesho apumzike.