Uvira: Maneno madogo yanayowakwamisha watoto wetu kusoma

Mtoto wa mwaka wa pili wa msingi, awe wa Kalundu au Kavimvira, anaweza kuimba "ba, be, bi, bo, bu" bila kukosea. Mpe sasa sentensi hii: "Mtoto wa mwalimu yuko kando ya ziwa." Atapita "mwalimu" kwa kujikaza, silabi kwa silabi. Penye "wa" na "yuko" ndipo atakwama, au atasoma kitu kingine kabisa. Ni maneno mafupi katika sentensi hiyo. Kwa nini hayo ndiyo yanamsumbua?

Kwa sababu hayako mdomoni mwake. Huku kwetu mtoto anasema "mutoto ya mwalimu iko kando ya ziwa". "Ya" moja inafanya kazi ya wa, la, cha, vya na za. "Iko" inamtosha mtu, mbuzi na mtumbwi. Nyumbani ni mutu, batoto, bitu. Kitabuni ni mtu, watoto, vitu. Hakuna aibu katika Kiswahili chetu, ndicho tunachonunulia ndagala na ndicho tunachofarijiana nacho msibani. Lakini kitabu cha shule kimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, na watoto wengi wa hapa walianza kuongea kwa Kifuliiru, Kivira, Kibembe au Kinyamulenge. Kwao "vya" ni neno geni mara mbili.

Walimu wa nchi nyingine wana njia ya kushughulikia maneno ya namna hii: mtoto anafundishwa kuyatambua mara tu anapoyaona, bila kuyavunja-vunja. Mmarekani Edward Dolch alitoa orodha yake mwaka 1936, maneno 220 ya Kiingereza. Kiingereza kinahitaji hivyo kwa sababu maandishi yake hayafuati sauti. Kiswahili hakina tabia hiyo, kinasomeka kama kilivyoandikwa. Ndiyo maana walimu wengine wanasema njia hiyo haituhusu.

Wana haki nusu. Anayetaka kuacha silabi na kuwakaririsha watoto mamia ya maneno kama picha atawaharibu. Lakini maneno kama thelathini hivi, na, ni, si, wa, ya, la, cha, za, kwa, yuko, huyu, hii, yule, kama, lakini, yanarudi karibu kila ukurasa. Jicho likiyatambua upesi, akili inabaki na nguvu ya kupambana na "wanatupeleka".

Kazi hiyo haifanyiki kwa kwaya. Darasa la watoto 70 likisoma ubao kwa sauti moja, sauti kumi zinabeba sitini, na mwalimu anasikia wimbo mzuri. Akiwa na watoto sita mbele yake ndipo anasikia kwamba huyu amesema "iko" palipoandikwa "yuko", na yule amesoma ukurasa mzima kwa kichwa huku kidole chake kiko mstari mwingine. Kikundi kinakaa dakika kumi na maneno matatu tu. Mwalimu anasoma neno ndani ya sentensi, anaonyesha herufi zake, kila mtoto analitafuta kitabuni, analiandika. Halafu swali moja: nyumbani tunasemaje, kitabuni imeandikwaje? Linaulizwa bila kucheka mtu. Wengine wakati huo wananakili au wanasomeana wawili wawili, na mwanafunzi wa mwaka wa sita anaweza kuwaangalia. Vikundi vibadilishwe mara kwa mara, la sivyo kimoja kitaitwa cha wajinga na kitabaki hivyo.

Tutaambiwa: na wingi huu wa watoto? Ni kweli. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa Septemba 2019, benchi zimejaa, na tunashukuru zimejaa. Lakini fanya hesabu. Vikundi viwili kwa siku, siku sita za shule, ni vikundi 12. Vya watoto sita sita, ni watoto 72. Kila mmoja anasikilizwa mara moja kwa wiki. Ni kidogo, lakini leo mtoto wa benchi ya nyuma anaweza kumaliza muhula bila kusoma peke yake hata mara moja.

Na muda wake ni mfupi. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha zetu katika miaka ya mwanzo, kisha Kifaransa kinashika darasa. Huko kuna "est", "les", "ils parlent", herufi zinazoandikwa na kutosikika. Asiyesoma vizuri Kiswahili anafika huko mikono mitupu. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika nchi yetu watoto 97 kati ya 100 wenye miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi.

Uvira ina sababu nyingine yake yenyewe. Aprili 2020 Mulongwe ilibomoa nyumba wakati shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya Covid. Desemba 2025 mapigano yalifika mjini, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kwenda Burundi. Watoto waliopitia hayo hawawezi kurudi darasani wote wakiwa mahali pamoja katika masomo, hata kama wanakaa benchi moja.

Mradi wa ACCELERE!, kwa pesa za Marekani na Uingereza, uliwahi kuleta vitabu vya kusoma vya Kiswahili nchini kwetu. Shirika la USAID lenyewe limefungwa mwaka 2025. Kadi za maneno hazihitaji mfadhili, zinakatwa katika boksi la sabuni. Kinachohitajika ni ruhusa. Mwalimu anayetumia dakika ishirini kila siku kwa vikundi atachelewa katika programu, na mkaguzi akifungua daftari lake la matayarisho atamwandikia lawama. Tunaiomba ofisi ya elimu ya Uvira iweke dakika hizo katika ratiba ya mwaka wa kwanza na wa pili, kwa maandishi, na wakurugenzi wa shule waibandike ratiba hiyo ukutani kabla muhula ujao haujaanza.