Tatizo si Kiingilio, ni Gari

Alfajiri mjini Isiolo, kabla jua halijachoma bati, mitungi ya maziwa ya ngamia hupangwa kando ya basi la Nairobi. Ni mitungi ya plastiki, vifuniko vimekazwa kwa kamba, kila mmoja na alama ya mwenyewe ili usipotelee Eastleigh. Akina mama wanaoisafirisha wanajua nauli hadi shilingi ya mwisho. Kwenye steji hiyo hiyo hushuka mgeni ambaye sioni kama kuna mtu aliyempangia chochote: kijana mwenye begi la mgongoni, mwalimu aliyejinyima muhula mzima ili likizo imkute na akiba, mama na watoto wawili waliokuja kwa matatu. Wamesikia habari za Mto Ewaso Ng'iro, chemchemi za Buffalo Springs na maporomoko ya Chanler. Wanauliza huko kunafikiwaje. Wanatajiwa bei ya kukodi Landkruza, na safari yao inaishia hapo steji.

Kwa miaka mingi mjadala wa utalii hapa umekuwa juu ya mgeni mwingine kabisa. Ruwaza ya Kenya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, iliiahidi Isiolo mji wa mapumziko upande wa Kipsing. Mwaka 2012 ukazinduliwa mradi wa LAPSSET wa kuunganisha bandari ya Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini, na Isiolo ikawekwa katikati. Uwanja wa ndege ukapanuliwa, ukapewa hadhi ya kimataifa. Mji wa mapumziko haujasimama hadi leo. Kilichobadilisha maisha ni lami ya kwenda Moyale, barabara ambayo zamani msafiri aliipita juu ya lori, katika msafara wenye askari. Anayefaidi lami hiyo kila siku ni abiria wa matatu, na ndiyo maana nasema mipango ya utalii ingeanzia kwake.

Tazama Nyahururu. Maporomoko ya Thomson, yaliyopewa jina la Mskoti Joseph Thomson aliyepita huko mwaka 1883, yanaanguka mita 74 pembeni mwa mji. Unashuka kwenye steji, unatembea au unapanda bodaboda, unalipa kiingilio, unasimama ukingoni huku manyunyu ya maji yakikulowesha uso. Ukiwa na magoti imara unateremka hadi bondeni. Jioni uko nyumbani. Mwanafunzi wa shule ya kijijini anaweza, na wanafunzi wanakwenda.

Maji hayo hayo yanakuja kwetu. Ewaso Narok, mto unaoanguka Nyahururu, huteremka na kujiunga na Ewaso Ng'iro, hupita Archers Post, kisha ukiwa ndani ya Kaunti ya Isiolo huanguka tena kwenye maporomoko ya Chanler. Jina ni la William Astor Chanler, Mmarekani aliyeufuata mto huu katika safari yake ya 1892 hadi 1894 akilitafuta ziwa la Lorian, akakuta kinamasi. Leo mtu asiye na gari la kupanda mawe na mwenyeji wa kumwongoza hafiki. Mto mmoja, maporomoko mawili: moja la kila mtu, jingine la mwenye gari.

Wapo wanaosema heri ibaki hivyo, na hoja yao si nyepesi. Hifadhi ya Buffalo Springs ina kilomita za mraba 131 tu. Humo wamo punda milia wa Grevy, mnyama ambaye idadi yake duniani ni ndogo kiasi cha kutisha. Fedha za wageni wa nje ndizo zinazosaidia kulipa askari wa hifadhi na kuingia katika mfuko wa kaunti. Ukifungulia umati, wanasema, utapata vumbi na takataka, na mapato yatabaki yale yale.

Naikubali nusu ya hoja hiyo. Mgeni wa nje alipe bei ya juu, ni haki. Lakini mwananchi tayari hutozwa kiingilio cha chini kuliko mgeni, na bado haingii. Sababu ni kwamba ndani ya hifadhi huruhusiwi kutembea kwa miguu. Lazima uwe ndani ya gari. Kwa hiyo anayekuja peke yake hulipa langoni kiasi kidogo, na kwenye gari mara nyingi zaidi. Kila wanasiasa wanapozungumzia kupunguza kiingilio wanapunguza kile kisichouma.

Dawa ni basi la pamoja, na si jambo geni. Shirika la Wanyamapori, KWS, liliwahi kuendesha basi la wikendi kutoka katikati ya jiji hadi ndani ya Mbuga ya Nairobi. Mtu alikata tikiti akaona simba. Basi moja la abiria 25 likiingia Buffalo Springs linatimua vumbi kidogo kuliko Landkruza sita zenye watu wanne wanne, kwa hiyo hata anayeogopa umati ana sababu ya kuliunga mkono.

Nao uchumi wa mgeni huyu usidharauliwe. Ni kweli hatumii nyingi. Lakini analala lojing ya mjini, anakula chapati na nyirinyiri, anapanda boda, ananunua maziwa kwa mama yule wa mitungi. Mgeni wa hoteli kubwa mara nyingi amekwisha kulipa Nairobi au ng'ambo kabla hajakanyaga Isiolo.

Kwa Chanler njia ni nyingine. Pale si suala la basi. Vijana wa ufugaji wanaujua mto kingo kwa kingo, wanajua mamba wanapoota jua, na ngamia wa kubeba maji na mahema wapo. Matembezi ya siku mbili, yenye askari wa akiba kwa sababu usalama wa njia hizo haubahatishwi, yangewalipa wao moja kwa moja.

Yote haya yanasimama juu ya maji, na maji yanapungua. Kiangazi kikali kikiingia, Ewaso Ng'iro pale Archers Post hugeuka mchanga, kwa kuwa mengi huchotwa juu kwa kilimo cha umwagiliaji. Bwawa la Crocodile Jaws lilipangwa kwenye mto huu ili, pamoja na mengine, kuunywesha mji ule wa mapumziko ambao haupo. Wafugaji wa chini walilipinga, na tangu 2013 wamekuwa wakitembea na ngamia kando ya mto kuutetea. Waliona mapema kwamba mji wa wageni ungekunywa mto wa wenyeji.

Ombi langu kwa kaunti ni dogo. Basi moja, kila Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kutoka steji ya Isiolo hadi lango la Ngare Mara na ndani ya Buffalo Springs, tikiti ikatwe palepale steji. Lami ipo tayari, na abiria wapo.