Tovuti Iliyo ya Wote

Makao makuu ya Kaunti ya Makueni yana jina ambalo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili hulisoma kwa tabasamu: Wote. Ni jina la mji, si kiwakilishi, ila sikio lililozoea Kiswahili haliwezi kujizuia kusikia ndani yake ahadi ya kutomwacha mtu nje. Ahadi hiyo huvunjika mahali pasipotarajiwa. Mtu asiyeona anapofungua tovuti kwa msaada wa programu ya kusomea kiwambo, na programu hiyo ikawa imeambiwa kwamba ukurasa umeandikwa kwa Kiingereza, silabi mbili za jina hilo humezwa zikawa moja, na mji mzima ukatamkwa kana kwamba ni kitenzi cha Kiingereza cha wakati uliopita kinachohusu kuandika. Kosa hilo laweza kuonekana dogo. Lakini anayelisikia ni raia aliyekuja kutafuta tangazo la kazi, la basari ya mtoto au la zabuni, naye hana njia nyingine ya kusoma isipokuwa sauti hiyo.

Programu za kusomea kiwambo si jambo geni tena. JAWS ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa bei iliyowashinda wengi. NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 huko Australia, hutolewa bila malipo. Na rununu nyingi zinazotumia Android huja na TalkBack ndani yake. Sauti za kutamka Kiswahili zipo. Kinachokosekana aghalabu ni ishara ya kuziamsha. Katika msimbo wa kila ukurasa wa wavuti pana nafasi ya kutaja lugha iliyotumika, nayo hujazwa kwa herufi mbili tu: en kwa Kiingereza, sw kwa Kiswahili. Mwundaji wa tovuti akiiacha en iliyokuja na kiolezo alichonunua, Kiswahili chote kitakachowekwa humo kitasomwa kwa kanuni za matamshi ya Kiingereza. Chukua sentensi nyepesi kama hii: "Pole, mtoto wake yuko pale." Maneno pole, wake na pale yamo pia katika Kiingereza, kwa sauti na maana nyingine kabisa. Msikilizaji atapata ufito, kuamka na kupauka, kisha abaki kujiuliza huyo mtoto ana masaibu gani. Wanaisimu wanaofundisha fonolojia wangepata hapa mfano bora zaidi kuliko ile ya vitabuni.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Ukambani. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi walikuwa na ulemavu wa namna moja au nyingine. Katika Makueni kiwango kilikuwa asilimia 4.1, miongoni mwa vya juu kabisa nchini. Kwa kaunti iliyohesabiwa kuwa na watu 987,653, hao si wachache wa kuhudumiwa kwa huruma ya siku moja ya Desemba, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, kisha wakasahauliwa mwaka mzima. Kitui nayo ilikuwa na watu 1,136,187 waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Anayeishi Kyuso au Mutomo hawezi kuambiwa aende tu ofisini mjini Kitui kila anapotaka kujua jambo. Kwa mtu huyo tovuti si pambo la kaunti; ni nauli iliyookolewa.

Sheria, kwa upande wake, haijanyamaza. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo unataja wazi haki ya kuifikia intaneti. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na papo hapo ikaiagiza Serikali kuendeleza lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Ibara ya 35 inatoa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Ibara ya 54 inarudia haki hiyo kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2022 nchi ikapata kiwango chake cha kitaifa cha ufikivu wa vifaa na huduma za teknolojia ya habari, KS 2952, na mwaka 2025 Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Inafaa kuangaliwa kwamba Ibara ya 7 imeweka lugha na ulemavu katika kifungu kimoja. Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kuikariri nusu ya kwanza ya ibara hiyo katika kila kongamano. Nusu ya pili huachiwa wengine.

Tofauti ya sheria na utekelezaji huonekana vizuri zaidi katika zabuni. Chini ya mpango wa AGPO, asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sasa mtazame mfanyabiashara asiyeona wa Emali au Mwingi anayetaka kuuzia shule madawati. Tangazo limewekwa kwenye tovuti ya ofisi fulani ya umma. Anafungua, programu yake inanyamaza au inasema "picha". Liliandikwa vizuri kwa tarakilishi, maneno yote yakiwa hai. Kisha likachapishwa kwenye karatasi, likatiwa sahihi, likagongwa muhuri, likapigwa picha kwa mashine na kupandishwa mtandaoni. Kilichofika huko si maandishi bali ni taswira ya maandishi. Mwenye macho haoni tofauti yoyote. Programu ya kusomea haina cha kusoma. Muhuri, ambao katika ofisi za Kenya una heshima inayokaribia ya hirizi, umelipofusha tangazo lenyewe, na mtu ambaye zabuni hiyo ilitengwa kwa ajili yake ndiye wa mwisho kupata habari zake. Dawa ya jambo hili haihitaji mfadhili: ipandishwe nakala yenye muhuri, na kando yake ile ya awali kabla haijachapishwa.

Haitakuwa haki kuyasema haya bila kukiri kwamba Makueni imefanya zaidi ya kaunti nyingi kuwafungulia raia milango. Utaratibu wake wa kuwashirikisha wananchi, ulioota mizizi wakati wa Gavana Kivutha Kibwana kati ya mwaka 2013 na 2022, huanzia kijijini na kupanda hatua kwa hatua hadi ngazi ya kaunti, na umewavuta wageni kutoka kaunti nyingine kuja kujifunza. Mwaka 2019 kaunti hiyo ilizindua tovuti ya kuweka wazi mikataba yake, ili mwananchi aweze kuona mradi gani umepewa nani na kwa kiasi gani. Hatua hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, baraza la kijiji na tovuti havifanani. Katika baraza chini ya mti, asiyeona husikia, asiyejua kusoma husikia, mzee asiyejua Kiingereza huelezwa kwa Kikamba, na asiyeelewa huinua mkono akauliza tena. Ufikivu umo ndani ya baraza bila ya mtu kuupanga. Yote hayo hupotea habari ileile inapohamishiwa kwenye kiwambo, isipokuwa pawe na mtu aliyekusudia kuyarejesha. Uwazi wa takwimu na uwazi wa mlango ni mambo mawili.

Na wanaofungiwa nje si wenye ulemavu pekee. Sensa iyo hiyo ya 2019 iliwakuta watumiaji wa intaneti wakiwa asilimia 22.6 ya Wakenya wa umri wa miaka mitatu na zaidi, na vijijini kiwango kikiwa chini zaidi. Wengi waliojiunga baadaye wameingia kwa rununu ndogo na bando la shilingi chache. Ukurasa uliojazwa picha kubwa za uzinduzi wa miradi huila bando hiyo kabla maneno hayajaonekana. Maandishi ya kijivu juu ya weupe, ambayo wasanii wa tovuti huyaona kuwa ya kistaarabu, hayasomeki kabisa kwa mtu aliyesimama juani Kibwezi, sembuse bibi mwenye mtoto wa jicho. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1999 na kusahihishwa upya mwaka 2008, 2018 na 2023, ilikwisha kuweka kipimo cha tofauti kati ya rangi ya herufi na ya mandhari yake: angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kipimo hicho chaweza kukaguliwa kwa dakika moja.

Matokeo ya tovuti ngumu yanajulikana na kila aliyewahi kupita mbele ya saiba mjini Wote au Kitui. Tangu huduma za Serikali zianze kuhamia eCitizen mwaka 2014, na hasa baada ya maelfu yake kuingizwa humo mwaka 2023, kumezuka tabaka la wapatanishi. Mzee anampa kijana wa saiba nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na nywila yake, kisha anakaa kwenye benchi kungoja. Wengi wa vijana hao ni waaminifu, na bila wao mambo yangekwama. Lakini Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na haieleweki data ya mzee huyo inalindwaje ikiwa muundo wa tovuti unamlazimu kuigawa kwa mtu asiyemjua. Vituo vya Huduma husaidia, ila viko mjini. Kinaya kinazidi mtu akikumbuka kwamba Konza, jiji la teknolojia lililozinduliwa Januari 2013, liko Malili, ndani ya Makueni hiyohiyo.

Hapa ndipo taaluma ya Kiswahili inapopaswa kuulizwa maswali. Tovuti za kaunti hizi mbili, kama za kaunti nyingi, zimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza. Lawama haiwezi kuishia kwa magavana. Kwa miaka mingi nguvu nyingi za wasomi zimetumika katika ubishi wa tarakilishi na kompyuta, wavuti na tovuti, huku fomu ya kuomba basari ikibaki bila tafsiri. Istilahi zinahitajika, lakini bora ni zile ambazo mtu huzitambua kabla ya kufafanuliwa. Bofya ni mojawapo. Mkulima wa maembe wa Makueni alibofya tunda kujua kama limeiva kabla hajabofya kitufe chochote, na neno likahama bila kuhitaji kamati ya kulisindikiza.

Ila hata neno zuri laweza kutumiwa vibaya. Msomaji asiyeona mara nyingi huiomba programu yake imtajie viungo vyote vilivyomo katika ukurasa, kama vile mwenye macho anavyopitisha jicho haraka. Akisikia "bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa" mara kumi na mbili, hajaambiwa lolote. Kiungo kinachosema "Pakua fomu ya basari" kinajitosheleza. Vivyo hivyo kuhusu picha. Kila picha mtandaoni ina nafasi ya maelezo mafupi yatakayosomwa kwa sauti, na aghalabu nafasi hiyo huachwa tupu au hujazwa nambari ya kamera. Kuijaza ni kazi ya fasihi kamili: kuamua ni nini katika picha kinachobeba maana, na kukisema kwa sentensi moja isiyo na madoido. "Mgeni rasmi akikata utepe" ni maelezo ya itifaki. "Wanawake watatu wakichota maji katika kioski kipya" humpa msikilizaji kile ambacho mwenye macho alikiona kwanza. Wanafunzi wanaofunzwa taswira kwa mihula kadhaa wanaiweza kazi hii kuliko fundi wa mitambo.

Kikamba nacho kina madai yake. Ni lugha yenye irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama juu ya herufi, ĩ na ũ. Anayeziacha alama hizo kwa sababu kibodi haina huwa ameondoa tofauti za maana. Wapo wanaosema kwamba redio za Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM zimekwisha kulimaliza tatizo la habari, na kwamba tovuti ni anasa. Redio kweli hufika mbali. Lakini tangazo likishapita hewani halirudi, na hakuna aliyewahi kujaza fomu ya maombi redioni. Wapo pia wanaotaja gharama. Ukarabati wa tovuti iliyojengwa vibaya una gharama, hilo halikatazwi. Herufi s na w hazina, wala maelezo ya picha, wala nakala isiyopigwa picha.

Idara za Kiswahili zina kozi za tafsiri, na kozi hizo zina mitihani. Badala ya kuwapa watahiniwa dondoo la riwaya ya Kiingereza iliyokwisha kutafsiriwa mara tatu, mtahini aweza kuwapa tangazo halisi la kaunti na kuwataka walilete kwa Kiswahili ambacho mkazi wa Ikutha atakielewa akikisikia mara moja, kikisomwa na mashine. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, ndani ya Kitui, na wasomaji wa kuijaribu kazi hiyo hawako mbali. Na kabla ya hayo, vyama vya wanafunzi viangalie majarida vinayoyasambaza kwa barua pepe. Mengi ni picha za kurasa, na mwanachama asiyeona anayeyapokea hupata ukimya uleule anaoupata mfanyabiashara wa Emali.