Mota Isiyo na Brashi: Zihesabu Ncha za Sumaku

Chukua sumaku mbili. Zikaribishe. Upande mmoja zinavutana. Geuza moja, zinasukumana. Kila sumaku ina ncha ya kaskazini na ncha ya kusini. Ncha zinazofanana husukumana. Ncha zisizofanana huvutana. Ukilijua hilo, umekwisha kuijua nusu ya kazi ya mota.

Mwezi huu tuitazame mota ya vigari vya kuchezea vinavyoongozwa kwa redio. Usidhani ni mambo ya watoto tu. Mota ya namna hiyo, iliyo kubwa zaidi, huendesha pikipiki za umeme zinazobeba abiria Dar es Salaam, Nairobi na Kigali.

Mota nyingine zina vipande vya kaboni ambavyo mafundi huviita brashi. Hupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Kwa sababu ya kusuguana, huisha. Mota yetu haina brashi. Sumaku zimefungwa kwenye sehemu inayozunguka. Nyaya za shaba zimezungushwa kwenye sehemu iliyotulia. Umeme ukipita ndani ya shaba, shaba nayo inakuwa sumaku.

Nyaya tatu nene huiunganisha mota na kontrola. Kontrola hupeleka umeme kwenye shaba kwa zamu: hizi, halafu hizi, halafu zile. Ncha ya sumaku hufuata mvuto unaosogea, kama mbuzi anavyofuata jani bichi mkononi mwa mtu anayetembea.

Basi, fundi akikuambia kwamba brashi za mota hii zimekwisha, usitoe fedha. Mwombe akuonyeshe hizo brashi.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ncha huenda mbili mbili, kwa maana kila kaskazini ina kusini yake. Vigari vingi vyepesi vina mota ya ncha 2. Vigari vizito mara nyingi huwekewa ya ncha 4. Mota nyingi za ndege ndogo za kuchezea zina ncha 14. Mota iliyo ndani ya gurudumu la pikipiki inaweza kuwa na ncha zaidi ya 40.

Kwa nini zitofautiane? Kontrola ikimaliza zamu zote mara moja, mota ya ncha 2 huzunguka mara moja kamili. Ya ncha 4 huzunguka nusu tu. Ya ncha 14 huzunguka sehemu moja ya saba. Tuseme kontrola inamaliza zamu zake mara 14,000 kwa dakika. Mota ya kwanza itazunguka mara 14,000, ya pili mara 7,000, ya tatu mara 2,000. Kwa kawaida, ncha nyingi ni mwendo wa pole na nguvu zaidi ya kuvuta. Ndiyo maana gurudumu la pikipiki linaweza kuzungushwa na mota moja kwa moja, bila mnyororo.

Hapa mwenye pikipiki awe macho. Kontrola nyingine hupima mwendo kwa kuhesabu ncha zinazopita. Tuseme imepangwa kwa ncha 40, nawe umebadilishiwa mota ukapewa ya ncha 20, na gurudumu ni la ukubwa ule ule. Saa ya mwendo itaonyesha kilometa 30 kwa saa, kumbe unakwenda 60! Kabla ya kuondoka, mwulize fundi: mota hii ina ncha ngapi, na kontrola imepangwa kwa ngapi?

Kuhesabu si kazi ngumu. Mota ikiwa imefunguliwa na sumaku zinaonekana, tia alama ya chaki kwenye moja, kisha hesabu zote hadi kurudi kwenye chaki. Kwa kawaida kila kipande ni ncha moja. Kama sumaku hazionekani, kama katika mota ya kigari, chomoa sehemu inayozunguka, uizungushe polepole mbele ya dira. Kila mshale wa dira unapogeuka, hesabu moja. Mzunguko mmoja ukitoa mara 4, hiyo ni mota ya ncha 4. Chomoa betri kwanza, na vidole uviweke mbali: sumaku hizi hubana vibaya.